Lango Lifunguliwe Kabla ya Kilabu

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu,

Kikombe kikigongagonga kisahani kabla hakujapambazuka, ujue aliyekishika anatetemeka. Sauti hiyo tunaijua. Sisi sote tulikuwa walevi, na mimi bibi yenu ninayesoma nilikunywa miaka mingi kuliko wote. Karibu sana. Tumeona ulivyompisha mjamzito kiti chako. Tumeshukuru.

Tulikotoka

Tulianza watu wanne. Kila alfajiri tunakwenda wawili wawili na chupa ya chai kwa mtu anayejaribu kuacha pombe, tunakaa naye mpaka mikono itulie. Hatuhubiri. Tunakunywa chai tu.

Tulichofanikiwa

Watu kumi na mmoja wameacha. Mmoja wao, dereva, amerudi kazini. Mwingine, mwalimu, sasa anaruhusiwa kumbeba mjukuu wake.

Tulipokosea

Fundi cherehani, aliyeshona kitambaa cha meza hii, alitimiza mwaka bila pombe. Tukampigia makofi, tukafuta jina lake kwenye zamu ya kutembelewa. Tukasema huyu amepona, twende kwa wengine. Kumbe alfajiri zake zilikuwa zinasimama kwa kikombe kile cha chai. Wiki ya tatu akarudi kilabuni. Sasa amelazwa kwako, macho ya njano. Tulipokwenda kumwomba radhi alisema, "Bibi, mlinifukuza kwa makofi." Akacheka mwenyewe. Sisi hatukuweza.

Changamoto na ombi letu

Kilabu kinachotazamana na hospitali hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Lango la wageni hufunguliwa saa nne. Wagonjwa wanaoruhusiwa kurudi nyumbani mapema hutoka peke yao, na barabara ya kuvuka ni nyembamba. Mlinzi wako ni mtu mwema, hunitolea kigoda nikae nje, lakini amri ni amri.

Fundi anaruhusiwa kesho asubuhi. Daktari amemwambia akirudia, atazikwa. Hatuombi jengo wala gari. Turuhusu watu wawili tuingie alfajiri, tutoke naye tumemshika mkono. Jina lake tumelirudisha kwenye zamu, na hatutalifuta tena akiwa hai.

Mungu akupe afya wewe unayehangaikia afya za watu, na nyumbani kwako wote walale salama. Sisi ni Kikundi cha Chai ya Alfajiri.

Leo muda wa wageni ulipokwisha, fundi alimshika mwalimu mkono, hakutaka kuuachia. Akasema, "Kesho mje tena, jamani. Ila mje mapema."