Wilbard Qamara na Paa la Gehandu

Baada ya miaka thelathini na minne kazini, Ndugu Wilbard Qamara, fundi sanifu majengo wa halmashauri, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe iliniomba wasifu mchangamfu. Nimejaribu, jamani, haukutoka.

Alizaliwa Nambis, kwenye tembe la bibi yake lenye paa bapa la udongo. Kila mvua zilipokaribia, nyumba nzima ilipanda juu kulishindilia. Aliajiriwa mwaka 1991. Amesimamia madarasa mengi kuliko anayoyakumbuka, na mafundi wa Nangwa bado wanaiogopa timazi yake, maana ukuta ukipinda kidogo tu anauangusha.

Mwaka 2012 alipelekwa Rotterdam, Uholanzi, kwa kozi ya wiki mbili. Wenzake walirudi na masanduku ya nguo. Yeye alirudi na madaftari matatu ya michoro. Aliona kiwanda cha zamani chenye kuta za vioo kuanzia chini hadi juu, na nyumba nyeupe ya miaka ya thelathini isiyo na pambo hata moja, paa lake bapa kama la bibi. Wengine walipiga picha. Yeye aliuliza maji ya mvua yanaenda wapi, akapandishwa juu akaonyeshwa. Alitusimulia safari ile mpaka tukawa tunamkimbia saa ya chai. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tena.

Aliporudi alichora jengo la wazazi la zahanati moja kule Gehandu: madirisha mapana, paa bapa la zege. Wanakijiji walinuna. Walitaka bati, paa bapa kwao lilikuwa kurudishwa kwenye tembe. Aliwabembeleza mkutano mzima, wakakubali shingo upande. Baadaye akina mama walilipenda kwa mwanga wake.

Paa la namna hiyo linataka kufagiwa na kuzibuliwa mifereji kabla ya mvua. Tembe lako unapanda mwenyewe. Jengo la serikali unaisubiri serikali. Basi kwa miaka kumi na moja alipanda yeye, na ufagio wake, huku tukimcheka kwamba fundi sanifu amegeuka mfagizi.

Februari 2024 alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Akiwa wodini alimpigia simu msaidizi wake aende Gehandu kabla ya masika. Msaidizi aliitikia, akaona ni jambo dogo, hakwenda. Maji yalituama, yakapenya kwenye zege, na Aprili dari ya chumba cha kujifungulia ikaanguka. Mungu mkubwa, chumba kilikuwa kitupu. Mwezi uliopita jengo lilibomolewa.

Taarifa ya uchunguzi ilisema mchoro ulikuwa mbovu. Mzee Qamara aliulizwa kama ana la kujitetea. Akasema hana, akatia sahihi. Jalada lake linafungwa hivyo leo, likiwa na doa la jengo pekee alilowahi kuliita lake.

Msaidizi huyo ni mimi. Alijua, hakunitaja, na kila asubuhi nilipomwamkia aliniitikia marahaba kama kawaida. Nimeona aibu mwaka mzima. Leo nimemwandikia mkurugenzi haya yote, na nimeyaweka hapa ili kila aliyeshika ratiba hii ya sherehe ayasome mwenyewe akiwa ameketi nasi.

Asante kwa kunifundisha kazi, mzee wangu, na unisamehe. Mungu akupe afya na siku nyingi za utulivu huko Nambis. Mchoro wako haukuwa na kosa.

Tekla Bura, Idara ya Ujenzi