Historia ya Marehemu Sivert Hedlöf, Mhariri wa Gazeti la Pili

Wafiwa wenzangu, majirani wa Almfors, nawe mwenyekiti wa halmashauri uliyejikalisha mbele bila kukaribishwa, mimi ni Ylva, bintiye marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, na nitayasoma yote.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 papa hapa Almfors, Uswidi, mtoto wa mfua chuma, akasoma shule ya mji huu hadi 1963, mwaka uleule akaajiriwa kubeba karatasi katika gazeti la Bruksbladet, akafunga ndoa na mama, Barbro, tarehe 12 Juni 1971, wakanipata mimi peke yangu mwaka 1974, na mwaka 1981 akawa mhariri.

Bruksbladet lilikuwa gazeti la pili mjini, serikali ikililipa ruzuku ili mji usisikie sauti moja tu, jambo jema, baba alilisifu hadi mwisho, ila nyumba zinazolisoma zikizidi kiwango, ruzuku inakatwa. Basi wenye gazeti wakamkataza kutafuta wasomaji, akiandika habari ya kuuzika anaitwa akakemewe, miaka kumi na tano mtu mzima analipwa ili asishinde!

Tarehe 3 Oktoba 1996 lile gazeti kubwa, la kwanza mjini, likafilisika, ofisi nzima ikashangilia, baba akakata keki kwa mkono wake, ndipo Rune, mpanga kurasa, akaweka sahani chini.

“We Sivert, sasa wa pili ni nani?”

Wakamcheka. Wasomaji wakahamia kwetu, kiwango kikapitwa, ruzuku ikakatwa, na wenye gazeti, mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi, hawakutoa hata krona moja yao, wakalifunga tarehe 30 Mei 1998. Mwenyekiti, tangu siku hiyo nani huketi na kalamu kwenye vikao vyenu? Hakuna, nanyi mmenenepa.

Aliugua mapafu tangu 2015, akafariki tarehe 2 Februari 2019, na yeye aliyechapa matangazo ya vifo vya wazee wenu wote, la kwake lilikosa gazeti, nikalibandika mlangoni mwa duka, theluji ikalilowesha, ndiyo maana nusu ya viti hivi ni vitupu. Nina hasira, sitaificha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia kahawa, na Rune, mfanyakazi mwenzake, aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia ninyi mliofika. Shada la wenye gazeti nimeliacha nje.

Pumzika kwa amani, baba, tangazo lako limesomwa kwa mdomo.