Mwalimu Mathew Fondo Chengo, Aliyeionea Wivu Programu ya Kusahihisha

Mwalimu Mathew Fondo Chengo alizaliwa Samburu, Kinango, tarehe 14 Machi 1946, mwana wa pili wa hayati mzee Chengo Charo na mama Dama. Alisoma hukohuko, kisha Kwale, na mwaka 1968 akahitimu ualimu wa hisabati. Mwaka 1972 alimwoa Bi. Immaculate, wakajaliwa Rai na Lenah.

Mwaka 1994 alianza kufundisha kompyuta katika chuo kimoja cha Ukunda. Wengi wa wanafunzi wake walitoka mahotelini, wakijifunza kutunza hifadhidata za wageni na vyumba. Mazoezi yao aliyasahihisha kwa mkono, na pembeni akaandika neno la kutia moyo. Alipenda kungojewa.

Mwaka 1997 akaja Mwalimu Christabel, binti wa bara, na programu aliyoitunga mwenyewe. Iliyajaribu majibu ya darasa zima na kutoa alama kabla chai haijapoa. Wanafunzi wakahamia mlangoni kwake. Mwalimu Fondo akashikwa na wivu hata chakula kikamshinda.

"Baba Rai," mkewe alimwambia, "mbona umekuwa kama mke aliyeletewa mwenza?"

Muhula ule Twaiba, aliyekuwa akingojwa kazini na hoteli moja ya Diani, akapewa sifuri na programu ile. Jibu lake lilikuwa sahihi. Majina ya wageni yalitoka kwa mpangilio mwingine tu, na swali halikutaja mpangilio wowote. Mwalimu Fondo alilipeleka mbele ya walimu wote, uso umemkunjuka.

"Mashine yako imemwonea mtoto wa watu."

Christabel alilisoma, akainuka. "Kweli, Mwalimu. Keti hapa, unionyeshe njia zote mtu anazoweza kupita akafika."

Alikwenda kuaibisha, akapewa kiti. Heshima ile ilimchoma kuliko dharau. Twaiba alipata alama zake, na kazi akaipata. Tangu hapo Mwalimu alitunga majibu ya kuikwamisha programu, Christabel akairekebisha; kila ilipopona, yeye alinuna.

Mapema 1999 kisukari kilimlemea, akalazwa Msambweni. Christabel alikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yaendeleaje programu yako?"

"Yetu, Mwalimu."

"Yako. Ndilo lililoniuma, kwamba si mimi niliyeitunga."

Mwalimu alimshika mkono, asiuachilie hadi wageni walipoombwa kutoka. Alifariki tarehe 9 Agosti 1999, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Bi. Immaculate, ndugu yake Kahindi, anayewasomea haya, na watoto Rai, Lenah na, kwa agizo lake mwenyewe, Christabel. Lenah anasema hilo la mwisho limemtia wivu kidogo.

Bwana ampumzishe kwa amani.