Historia ya Mwalimu Stanslaus Makoye, Aliyerudi Darasani na Ndevu

Ndugu waombolezaji, baba zetu na mama zetu mliofika hapa Kharumwa, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu, Mwalimu Stanslaus Makoye, aliyezaliwa hapa hapa tarehe 8 Mei 1926, mtoto wa tatu wa mzee Jilala na mama Mbuke.

Alianza shule ya misheni mwaka 1935, akamaliza darasa la nane mwaka 1943, mwaka ambao mzee alifariki, ikabidi aende kuchimba dhahabu upande wa Geita, na kwa jasho la huko akapata mahari ya Paskalia, wakafunga ndoa tarehe 14 Juni 1947, Mungu akawajalia Limi mwaka 1948 na Valerian mwaka 1951.

Hamu ya kusoma haikumtoka. Aliomba nafasi katika shule ya sekondari ya misheni huko Shinyanga, akakataliwa mara mbili kwa sababu ya umri na familia, padri akamkubali Januari 1950, na vijana wa darasa lake wakawa wanamwamkia shikamoo kabla ya kukaa naye dawati moja.

Kilichomshinda ni kemia, kwani kila alipotakiwa kusawazisha mlinganyo, haidrojeni na oksijeni kuwa maji, alibadilisha zile namba ndogo za chini ili pande mbili zilingane, daftari likarudi jekundu, hata likizo ya mwaka 1952 akaja nyumbani na sanduku lake lote, akisema anarudi mgodini. Paskalia alikuwa anapalilia pamba, Valerian mgongoni, wala hakuweka jembe chini.

"Baba Limi," alimwambia, "pamba nitalima mimi, wewe kalime hizo namba."

Akarudi, moyo mzito. Mwalimu wake wa kemia, Mwalimu Onesmo, akamwita ubaoni.

"Makoye, ng'ombe ana miguu mingapi?"

"Minne, mwalimu."

"Ukitaka minane, utamshonea mingine?"

Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi, akajibu kwamba angeleta ng'ombe wa pili, na palepale akaona kuwa maji lazima yabaki maji, kinachoongezwa ni hesabu ya mbele, akaandika mbili mbele ya maji, mbili mbele ya haidrojeni, pande zikalingana.

Alifaulu mtihani wa darasa la kumi na mbili mwaka 1953, akasomea ualimu, na tangu Januari 1956 alifundisha sayansi Shinyanga, akikaa baada ya vipindi na kila aliyebaki nyuma, bila kumkaripia hata mmoja.

Septemba 1958 alianza kukohoa, daktari akaeleza kwamba vumbi la mwamba lilikuwa limeharibu mapafu, akafariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 1959, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru daktari na masista waliomuuguza, majirani waliombeba kwa machela wakati wa mvua, na walimu wenzake walioshika vipindi vyake. Na wewe, Mwalimu Onesmo, uliyesafiri kwa lori kutoka Mwanza, marehemu alituagiza tukushukuru mbele ya watu, kwa sababu alisema shukrani ya pembeni haikutoshi. Tafadhali simama, wanawe wakuone.

Baba Limi, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.