Kutu Inayojua Kuandika

Benchi letu liko mlangoni mwa karakana ya Wilfrido, hapa bandarini Tolú. Kazi yake ni kuvika vyuma ngozi ya nikeli iliyochanganywa na punje ngumu, visilike upesi baharini. Jana Kapteni Eliécer alichomoa shafti ya propela ya boti yake akakuta kutu. Leo kaibwaga mbele yetu na kuapa kuwa bandari nzima itajua Wilfrido ni tapeli. Wilfrido mwenyewe alikuwa akinywa kahawa yake tu. Roho iliniuma.

— Majuzi tu kanivikia! Eliécer akafoka. Ngozi gani hii?

— Bahari ya mwaka huu kali, bwana, alisema Chumvi, ambaye hata akiumwa jino husingizia bahari. Mpaka ndege wari wa baharini wanakuja kunywa maji ya bomba.

— Acha fiksi, akadakia Padri, tuliyempa jina hilo alipofukuzwa kwaya kwa kusinzia. Punje na nikeli hazipatani. Ndoa ya kulazimishwa ile. Zikinuniana tu, maji yanapita katikati.

— Basi tuzitafutie mshenga! Chumvi akacheka.

— Cheka tu. Shafti ikizunguka, punje zinashikwa kizunguzungu. Zinatapika. Kutu hiyo ni matapishi.

— Mnamsikia huyu? Eliécer akasema. Na ndiye shahidi wangu!

Nubia, aliyeanza wiki hii kutuuzia kahawa, aliinama na birika lake juu ya shafti.

— Samahani kaka zangu. Mbona kutu imeandika E? Na hapa C, na hapa P?

Tukatazamana. Kwetu shafti iliyovikwa haiingii majini mpaka marafiki wachore herufi zao kwa msumari, ili ikumbuke kurudi nyumbani. Tulikuwa tumechora kwa nguvu zote, tukaitoboa ngozi mpaka kwenye chuma. Kwingine kote ngozi ilikuwa inang'aa.

— Na hii W? Nubia akauliza.

Eliécer akageuka taratibu.

— Wilfrido! Wewe fundi, ulijua msumari unatoboa ngozi?

— Nilijua.

— Sasa ukachorea nini, mtu wangu?

— Binti yangu anavuka na boti yako kila asubuhi.

Eliécer alivua kofia. Hasira yote ikamwishia pale pale, akasogea kumpa fundi nafasi ya kukaa.

— Nivikie upya, ndugu yangu. Neno tapeli nimelifuta.

— Leo leo.

— Na ikishavikwa, Nubia akauliza, mtachora tena?

Chumvi alikuwa tayari anatafuta msumari mfukoni, Padri akiunoa wake kwenye soli ya kiatu. Wilfrido alinyoosha kikombe aongezewe, lakini birika lilikuwa tupu.