Mashini ya Tansio ya Avenyu Yote

Bandugu zangu, munaniona nimesimama hapa mu kanisa na miguu yangu mwenyewe. Mwezi ilipita, kidogo banitoshe Kamalondo, mu nyumba nilizalia batoto bote, banipeleke Kasungami kwa mutoto wangu, nikae kule kama mugonjwa.

Ule mutoto njo alinitumia mashini ya kupima tansio, ile presha ya damu, mu carton yake. Namba yake iko kidogo kama sisimizi, lakini kufunga mukono na kufinya butoni, nilijua. Bamama ba avenyu, benye bananiita Kambo sababu ya uzee yangu, bakasikia. "Kambo, nipime na miye." Mutu anaingia kwako, unamupa kiti, unamupa mayi, mashini utamunyima? Hata mama wa mikate nilimupima. Nilikuwa munganga wa avenyu, muniache nijisifu.

Kumbe, nawaambia, ile mashini inachunga namba yote mu kichwa yake. Nikaipeleka ku dispansere, munganga akaifungua, akaona tansio imepanda sana, akaniongezea dawa. Hakuniuliza kintu, na miye sikusema. Ile dawa ikanishusha mpaka nikaanguka pa mulango, sufuria ya mboga ya sombe mu mukono. Mutoto wangu akasema, "Mama, kukaa peke yako imeisha." Nikalia. Sombe pia ilimwangika yote.

Mukwe wangu, bibi ya ule mutoto, akakuja kufunga bintu byangu mu sanduku. Anafunga, bamama banaingia: "Kambo amepona? Basi anipime." Akaacha sanduku.

"Mama, nani anapimaka na hii?"

"Bote."

"Bote, mashini moya?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi munganga alitibia avenyu yote mu mwili yako."

Akanionyesha pembeni butoni ingine, ya mutu wa pili. Ndogo, rangi moya na mashini. Kwa macho hii ya uzee, ningeiona namna gani? Akapaka butoni yangu rangi yake nyekundu ya kucha. "Nyekundu iko yako, mama. Bageni, ile ingine." Tukarudi ku dispansere, tukaeleza yote, munganga akapunguza dawa. Na sanduku ikafunguliwa.

Aksanti, bamama, mweye mulinipikia bukari nilipolala. Aksanti sana kwa mukwe wangu. Mwenye anasema bakwe ni babaya, asiseme mbele yangu. Na mweye batoto, mukimupa muzee mashini, mukae naye kwanza, aifinye mukimuangalia. Carton haifundishe mutu.

Basi. Mwenye anataka kupimwa, misa ikiisha anifuate kwangu, Kamalondo. Nyekundu tu asiguse.