Vibia Restuta, Mpuliza Vioo wa Akwileia

Mama yetu, Vibia Restuta, alizaliwa hapa Akwileia, karibu na daraja la mto Natiso, mwezi Septemba, mwaka wa tatu wa Kaisari Klaudio. Baba yake, Vibio Festo, alikuwa mpuliza vioo.

Alisoma kidogo kwa mwalimu wa sokoni, hadi akaweza kuandika jina lake. Kisha baba yake akamrudisha kwenye tanuri. Alijifunza kuchota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, kupuliza, na kuzungusha bila kusita, maana ukisita kinaning'inia kama ulimi wa ng'ombe. Mnunuzi mmoja alimtania, "Mama, mashavu hayo ya chura umeyatoa wapi?" Akajibu, "Nimeyanunua. Na wewe, chupa unanunua au unanitazama tu?"

Aliolewa na marehemu baba, Lucio Kreskente, mwaka wa nane wa Kaisari Nero.

Moto ulimla macho polepole. Mwaka huu homa ya kifua ikamlaza, akataka kitanda chake kiwe karakanani. Mdogo wake, Mjomba Sabino, akamwambia, "Dada, niachie karakana. Binti yako Procula anaweza vichupa vya marashi tu."

Mama akasema, wafanyakazi wakisikia, "Procula atanipulizia chombo cha kuwekea mifupa yangu. Kikitoka kizima, tanuri ni lake. Kikipasuka, chukua."

Dada Procula akapuliza. Mama haoni, anasikiliza tu. "Zungusha! Nasikia unasita!"

Chombo kikaingizwa kwenye tanuri la kupozea, kipoe polepole. Mama alifariki alfajiri ya tarehe tisa Februari, kikiwa bado cha moto.

Tulipokwisha kuuchoma mwili wake na kuosha mifupa kwa divai, Mjomba akashika mlango wa tanuri lile. "Wageni wanangoja. Fungua!" Nje kulikuwa na upepo wa barafu, na kioo cha moto kikiguswa na baridi hupasuka. Mjomba anajua hilo. Amezaliwa humo humo.

Procula akasimama mbele yake. "Mjomba, nakuheshimu. Ondoa mkono."

"Utamzika mama yako kwenye kitambaa?"

"Atangoja kwenye kitambaa. Ondoa mkono."

Mwishowe Mjomba akaondoa mkono.

Ndiyo maana mazishi yamechelewa, nasi tunawaomba radhi. Chombo kimetolewa asubuhi hii. Mshikio mmoja umekaa upande kidogo. Ufa hakina, Mjomba mwenyewe amekigonga kwa ukucha na kukigeuza juani.

Marehemu ameacha ndugu mmoja, Vibio Sabino. Na mabinti wawili, mimi Restutila, na Procula, mwenye tanuri.

Mama, udongo usikulemee.